Hewa ya Shimba

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Zuhura, hitima ilipokwisha na masinia kuoshwa, wajukuu zake walinizunguka ukumbini. Waliniona nimenyamaza mno. Nuru, mkubwa wao, ndiye aliyesema: "Nyanya, Jumamosi twakupeleka Shimba. Pana mbuga siku hizi, mahali pazuri sana. Wakata tikiti langoni, gari lapanda mpaka juu, wateremka watembea kidogo, waiona bahari yote. Ukapate hewa." Akanionyesha picha kwenye simu yake: majani marefu ya kilimani, palahala wawili weusi wenye pembe zilizopinda nyuma, na wasichana wamesimama ukingoni wakicheka, mabuibui yao yakipepea. "Umewahi kufika, Nyanya?" Nikamwambia nimefika. "Lini?" Nikasema zamani, pakiitwa msitu wa serikali tu. Akangoja niendelee. Sikuendelea, naye ana adabu, akachukua kikombe changu akaenda zake. Tulikuwa watu wanne tuliokuwa tukipanda kule mwaka ule, na Zuhura ndiye wa tatu kufa. Nimebaki mimi. Watoto hawa walimpenda nyanya yao, lakini hawajui kwamba kabla baba yao hajazaliwa alikuwa na mume mwingine na mtoto mwingine. Wala hawajui nilichofanya mimi.

Ulikuwa mwaka wa uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka shule, nakaa kwa dada yangu Likoni nikingoja nafasi ya kusomea ualimu. Nyumba ilikuwa ya makuti, vyumba sita, ukumbi katikati, na sisi tulikuwa na chumba cha mwisho upande wa ua. Nakikumbuka kile chumba kuliko ninavyokikumbuka hiki ninachoandikia. Kitanda kikubwa cha besera chenye chandarua kilichotiwa viraka, kabati la kioo lenye vikombe sita ambavyo havikutumiwa ila Idi, na pazia la kanga nzito lililonitenga mimi na mkeka wangu. Nyuma ya pazia lile nilisikia kila kitu. Nilimsikia Mbarak, mume wa dada yangu, akimwimbia mtoto wao Tima, aliyekuwa na miaka miwili na nusu na akilala katikati yao. Nilisikia Zuhura akimnong'oneza mumewe alale upande wa kulia ili kifua kitulie. Na nilikisikia kikohozi. Mbarak alikuwa mwendesha winchi gatini Kilindini, mtu mkubwa wa mwili, mcheshi, akila mahamri manane kwa mbaazi za nazi asubuhi na kuuliza kama yako mengine. Mwaka uliotangulia alikuwa amepigwa sindano za kifua miezi kadhaa, akapata nafuu, akaacha. "Nimepona," alisema, "na matako yangu yameona taabu ya kutosha." Tukacheka. Ilipofika Januari, kikohozi kilikuwa kimerudi, na leso aliyoikoholea Mbarak, Zuhura aliifua peke yake, kwa maji ya moto, mlango wa ua akiufunga.

Siku ya kwenda kwa daktari tulivuka feri asubuhi, tukapanda basi hadi hospitali upande wa Changamwe. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya Kizungu changu. Nilivaa gauni langu la shule lililopigwa pasi, na sitaficha kwamba nilijiona mtu mkubwa. Chumba cha daktari kilikuwa na dirisha moja na meza ya chuma, na ukutani ilining'inizwa picha ya kifua cha Mbarak, nyeusi, yenye mabaka meupe kama ukungu wa ukutani. Daktari alikuwa Mzungu mzee aliyesema taratibu, na alinitazama mimi, si wao. Alisema mapafu yamekwisha. Dawa zile hazitamfaa tena, kwa sababu aliziacha kati na ugonjwa umezizoea. Amebakiwa na miezi, labda mwaka. Kama kuna mahali anapapenda, basi aende, apumzike, hapana ubaya. Kisha akamwelekezea kalamu Tima, aliyekuwa begani kwa mamake akichezea kipini chake. Mtoto huyu, alisema, asilale chumba kimoja na babake hata usiku mmoja zaidi. Awe na kikombe chake na sahani yake, na aletwe wiki ijayo apimwe. Akaniuliza kama nimefahamu. Nikasema nimefahamu. Akaandika.

"Asemaje?" aliuliza Zuhura. Nimeirudia sauti ile mara nyingi. Haikuwa ya hofu, ilikuwa ya mtu anayengoja aambiwe dawa ni ngapi kwa siku. Mbarak naye alikuwa akinitazama, mikono juu ya magoti kama mtoto wa chuo cha Kurani. Nilifungua mdomo, na nilichokiona mbele yangu ni uso wa dada yangu utakavyokuwa nikishasema. Nikasema: "Asema hewa ya bandarini ina unyevu mwingi. Akipata kwenda juu, kama kule Shimba, akatembea na kupumzika, kifua kitafunguka." Shimba nilikuwa nimepelekwa na walimu mara moja, na nyuma ya Likoni, siku za mbingu safi, milima yake huonekana ikiwa buluu. Ndiyo maana jina lile ndilo lililokuja. Zuhura akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Habari ya mtoto sikuisema, kwa kuwa sikuona namna ya kuisema bila kusema na ile nyingine. Nilijiambia nitaitafutia njia. Tulipofika kituo cha basi, Mbarak alitununulia mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, na Tima akamegewa kutoka mkononi mwake.

Njia niliitafuta mara moja tu. Juma lile lile nilimwambia Zuhura, tukiwa jikoni tukikuna nazi, kwamba daktari alisema pia ingefaa Mbarak awe na kikombe chake peke yake. Aliacha kukuna. "Alisema hayo?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi yeye si Mwislamu, hajui. Mume wangu nimtengee kikombe kama paka? Akiona hivyo, moyo utamfa kabla ya kifua." Ningeweza kuendelea pale. Nazi ilikuwa mkononi, mlango umefungwa, Tima yuko uani na kuku. Nikasema, "Haya, dada," nikaendelea kukuna.

Basi tukaanza kwenda Shimba. Mbarak alikuwa amepewa likizo ya ugonjwa gatini, na kila baada ya majuma mawili tulipanda basi la asubuhi hadi Kwale, tukakaa siku tatu nne. Tulifikia kwa Bi Mwanamisi, mjane wa Kidigo aliyekuwa akiuza maembe Likoni, na aliyempenda Zuhura tangu zamani. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, baridi, yenye harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Alitupa chumba cha ndani, kitanda cha kamba kimoja, nao wakalala watatu kama nyumbani, wakijifunika mablanketi mawili kwa sababu ya ubaridi wa kule. Mimi nililala na Bi Mwanamisi upande wa pili wa ukuta. Chakula chake kilikuwa sima ya mahindi na mchunga uliopikwa kwa tui, mboga chungu ambayo Mbarak alidai inamsafisha ndani. Wote tulikula kutoka sahani moja. Asubuhi tulishika njia ya msituni, mwendo wa saa moja na zaidi, kivuli cha miti mikubwa kwanza, halafu ghafla unatokea kwenye majani wazi, upepo unakupiga, na kule chini waona minazi, waona mchanga mweupe, waona bahari imenyooka mpaka imeshikana na mbingu. Mbarak alikuwa akisimama kila hatua ishirini kuvuta pumzi. Tima alipochoka alimbeba mgongoni, na mtoto akalaza shavu shingoni mwake.

Zuhura mlimani alikuwa mtu mwingine. Nyumbani alikuwa mwanamke wa kufua na kunyamaza. Kule alivua viatu, akakimbizana na mtoto, akachuma maua yasiyo na jina akayatia kwenye ushungi wake. Alikaa kwenye majani, kichwa cha mumewe kikiwa pajani pake, akimwonyesha: ile ni Tiwi, ile ni Diani, na kule nadhani ndiko gatini kwako. "Waona ulivyo na rangi leo?" alimwambia. Na kweli, jua na kupanda vilimtia wekundu mashavuni. Usiku wake, kupitia ukuta, niliwasikia wakipanga. Wakipata kipande cha shamba huku watapanda michungwa. Mbarak ataacha winchi. Tima atasoma hapa hapa Kwale. "Na Rukia?" aliuliza Mbarak. Rukia ni mimi. "Rukia atakuwa mwalimu wake," akajibu dada yangu, na nikamsikia anacheka. Bi Mwanamisi, ambaye nilidhani amelala, alisema gizani kwa sauti ndogo, "Huyu mwanamume haponi, mwanangu. Wewe wajua?" Nilijifanya usingizi.

Mbarak alijua. Nililigundua hilo mwezi wa Machi, siku Zuhura alipobaki nyuma kumtoa Tima miiba. Tulikuwa tumeketi juu ya gogo, yeye akipumua kwa mdomo. Akasema, bila kunitazama: "Shemeji, Kizungu changu ni cha gatini. Shusha, pandisha, simama. Lakini neno 'finishi' nalijua. Daktari wako alilisema mara mbili." Nikaanza kusema sijui nini, akaniinulia mkono. "Sikulaumu. Wacha vivyo hivyo. Tangu niingie katika maradhi haya sijamwona dadako akicheka kama anavyocheka huku. Miezi yangu hii nipe." Nilitaka kumwambia kwamba finishi zile zilikuwa zake yeye, na kwamba yako maneno mengine baada yake, ya Tima, ambayo gatini hayasemwi. Tima akatokea mbio majanini, akamrukia babake kifuani, akamshika masikio yote mawili, akamwambia amkoholee kama simba. Alikuwa akipenda mchezo ule. Na Mbarak, akicheka, akamfanyia.

Miaka yote hii nimejitafutia udhuru, na udhuru wangu mkubwa ulikuwa ujana wangu. Ungenitosha, lau isingekuwa siku ya yule Bibi wa Kizungu. Ilikuwa Jumapili ya Aprili, kabla ya mvua kushika. Wazungu wa mjini walikuwa wakija Jumapili na magari yao hadi kileleni, wakitandika mablanketi, wakila, wakitazama bahari kwa darubini. Sisi tulikaa mbali, upande wa chini. Bibi mmoja mwenye watoto wawili alimwona Tima akiwatazama, akamjia na biskuti, akachuchumaa, akamwuliza jina lake kwa Kiswahili cha jikoni. Zuhura alifurahi sana. Ndipo Mbarak aliposhikwa na kikohozi, kile cha kuinamisha, na alipoondoa leso mdomoni, yule Bibi aliiona. Alisimama. Alinitazama, pengine kwa sababu ya gauni langu, akaniuliza kama nasema Kizungu, kisha akaniambia upesi upesi kwamba mtoto yule hapaswi kuwa karibu na mtu yule, kwamba mamake yeye mwenyewe alikufa hivyo, na je, hakuna aliyetuambia? Nikamwambia asante. Akaenda akawakusanya watoto wake, wakaondoka na gari. "Asemaje?" aliuliza dada yangu, akimpangusa Tima makombo. Nikasema: "Asema mtoto wako ni mzuri." Zuhura akambusu Tima. "Wazungu nao wana watu wema," akasema.

Mara ya kwanza niliogopa uso wa dada yangu. Mara ya pili niliogopa nafsi yangu, kwa maana kusema wakati ule kulikuwa ni kusema pia kwamba nimenyamaza miezi mitatu. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuelewa baadaye, nikiwa mwalimu nimewaona watoto wengi wakidanganya: uongo wa kwanza huwa wa huruma mara nyingine, wa pili kamwe.

Mvua zilishika Mei, barabara ya Kwale ikawa matope, tukakaa Likoni. Mbarak hakuweza tena kufika hata uani bila kushika ukuta. Mwezi wa Juni Tima akaanza kukataa chakula. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, akiudhiwa na mwanga, na homa haikumtoka. Wanawake wa nyumba walisema ni jicho, wakaleta ubani na maji ya kombe yaliyooshewa aya za Kurani, naye Zuhura akafanya kila alichoambiwa. Siku ya nane shingo yake ilikakamaa. Tukavuka feri naye akiwa amefunikwa kanga, Zuhura amembeba hataki apokewe. Hospitalini yule daktari mzee hakuwepo. Tuliandikishwa na dresa, msaidizi wa daktari, kijana wa Kitaita mwenye koti jeupe, aliyesema Kiswahili vizuri, na ambaye hakunihitaji mimi. Aliuliza babake ni nani, akafungua faili la Mbarak. Akasoma. Akamtazama mtoto, akasoma tena. "Mama," akasema, "imeandikwa hapa kwamba jamaa waliambiwa mtoto asilale na mgonjwa, na aletwe kupimwa. Ni tangu Januari. Hamkuambiwa?"

Zuhura aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilingoja aseme, nikijua atakalosema, na nikilitaka. Akamrudia yule dresa akasema: "Tuliambiwa. Makosa yangu."

Tima alikufa siku ya tatu, baada ya adhuhuri, wakati wa kugawa chai. Walimzika Likoni. Mbarak alitolewa nje kwenye kiti akasimamishwa na wanaume wawili ili atupe udongo wake mikono mitatu. Hakuuliza lolote, na Zuhura hakumwambia. Akamwuguza vile vile, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza, akamwosha. Mimi alinisemesha mambo ya nyumba tu: leta maji, chochea moto, nenda dukani. Siku moja nyuma ya pazia nilimsikia Mbarak akimwomba ampeleke Shimba mara moja tu, hata kwa kubebwa. Dada yangu akamjibu, "Lala, baba Tima. Hewa ya hapa yatosha." Alifariki mwanzo wa Agosti, alfajiri, na sisi wawili tukiwa tumemshika mkono huu na huu.

Kisha Zuhura akakaa eda. Miezi minne na siku kumi katika chumba kile, mlango umerudishwa, na mimi ndiye niliyempelekea chakula. Nilipika nilivyoweza, wali na mchuzi wa papa, mkate wa kumimina, naye alikula kidogo akanirudishia sahani na kusema ahsante. Hakuniuliza. Kila siku nilijiandaa aniulize. Nje watu walikuwa wakizungumza habari za uhuru, vijana wakipita na vibendera vya karatasi, na mwezi wa Desemba bendera ya Mwingereza ikashushwa, nyingine ikapandishwa, na kelele za ng'ambo zikatufikia zikivuka maji. Sisi tulikuwa ndani tukichambua mchele.

Eda ilikwisha siku chache baada ya sherehe. Asubuhi alioga, akavaa kanga mpya, na kabla wanawake hawajafika kumtoa, akaniita. Nikaitika, "Abee, dada." Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. "Funga mlango," akasema. "Haya, niambie alilosema daktari. Lote. Neno kwa neno." Nikamwambia. Nilianza na mapafu, nikaja kwenye miezi, nikaja kwenye kikombe na sahani, na mahali pa kulala. Nikamwambia na ya Bibi wa Kizungu, ambayo asingeijua abadani kama nisingeisema. Nilisema nikiwa nimesimama, mikono nyuma, kama darasani. Sikulia, kwa kuwa niliona sina haki. Alisikiliza akivitazama vidole vyake vya miguu.

Nilipomaliza nilisikia wanawake wanaingia ukumbini, wakipeana shikamoo na marahaba. Ndipo akasema, polepole, bila kupandisha sauti: "Ya Mbarak nimekwisha kukusamehe. Angekufa tu. Ya Tima nitajaribu, maana ulikuwa mtoto, na mimi pia nilikikataa kikombe. Lakini kule mlimani, Rukia, nilikuwa na raha. Sijapata raha kama ile tangu nizaliwe. Kila nikimkumbuka mwanangu namkumbuka kule, juu ya mgongo wa babake, na mimi nacheka. Hilo siliwezi."

Mlango ukagongwa. Akainuka, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akaufunga ushungi wake vizuri. Akaniambia nikatie maji ya chai motoni, wageni ni wengi, na vikombe vile sita nivitoe.